Kikosi Bora cha Kenya cha Wakati Wote, Mechi za Siku Moja: Nilivyokipanga na Niliowaacha

Kila Kombe la Dunia la kriketi linapokaribia, watu huanza kupanga vikosi vya wakati wote. Tendulkar afungue na nani? Viv Richards apige namba ngapi? Mpira mpya apewe Wasim Akram au McGrath? Ni mjadala mtamu, lakini hauumi. Ukiwa na dunia nzima ya kuchagulia, hata ukikosea watu watatu unabaki na timu ya kutisha. Kwa sisi tunaoshinda na vitabu vya alama na kufundisha vijana wa klabu, mtihani wenyewe ni kupanga kumi na moja bora wa Kenya. Mechi za siku moja zenye hadhi ya kimataifa tulizocheza ni 154 tu, kuanzia Cuttack dhidi ya India tarehe 18 Februari 1996 hadi Christchurch dhidi ya Uskoti tarehe 30 Januari 2014, wakati hadhi hiyo ilipotuponyoka. Hapa hakuna nafasi ya kubahatisha.

Mipaka kwanza. Timu ya Afrika Mashariki iliyokwenda Kombe la Dunia la 1975, yenye wachezaji wa Kenya, Uganda, Tanzania na Zambia chini ya nahodha Harilal Shah, siihesabu. Ilikuwa timu nyingine, mechi zilikuwa za ova 60 (ova moja ni mipira sita ya kurushwa), na zote tatu ilipoteza. Glenn Turner wa Nyuzilandi peke yake aliipiga mikimbio 171, yaani alama 171, bila kutolewa. Vilevile naiacha nje, kwa shingo upande, ile 147 ya Steve Tikolo katika fainali ya ICC Trophy, mashindano ya nchi zisizo za Test, mjini Kuala Lumpur mwaka 1997, ambayo Bangladesh waliishinda kwenye mpira wa mwisho. Huenda ndiyo zamu bora kuliko zote alizowahi kupiga, ila mechi ile haikuwa na hadhi ninayoizungumzia. Ukifungua mlango huo, kesho utaletewa alama za ligi ya Nairobi.

Sasa suala la takwimu. Wastani wa mpigaji, yaani mikimbio yake kwa kila mara aliyotolewa, ni mwanzo wa mazungumzo, si hukumu. Tarakimu ya Nairobi ina mchango wa Nairobi ndani yake: jiji liko zaidi ya mita 1,600 juu ya usawa wa bahari, hewa ni nyepesi, na mpira uliopigwa vizuri unakwenda mbali kuliko ungekwenda Mombasa. Shahid Afridi wa Pakistan alipiga senchuri, mikimbio 100, kwa mipira 37 kwenye uwanja wa Gymkhana mwezi Oktoba 1996, na rekodi hiyo ikakaa hadi Januari 2014. Kipaji ni chake, sikatai, lakini uwanja nao ulimsukuma. Kwa hiyo ninaposoma kwamba Kennedy Otieno na Dipak Chudasama waliweka ushirikiano wa 225 wa kufungua zamu dhidi ya Bangladesh mjini Nairobi mwaka 1997, Otieno akiwa na 144 na Chudasama 122, nafurahi, kisha napunguza kidogo.

Jambo la pili ni kazi. Ova 50, kila mrushaji anaruhusiwa 10 tu, kwa hiyo lazima upate watu watano wa kurusha au wanne na wawili wa kugawana zile 10 zilizobaki. Lazima mmoja avae glavu, awe mlinda wiketi anayesimama nyuma ya mpigaji. Ukishalipa madeni hayo ndipo unagundua kwamba huchagui wachezaji 11 bora. Unachagua watu 11 wa kujaza kazi 11, na mchezaji mzuri sana anaweza kukosa nafasi kwa sababu kazi yake tayari ina mwenyewe.

Kufungua nampa Otieno, ambaye pia ndiye mlinda wiketi. Hilo la glavu linaniokolea nafasi nzima. Tariq Iqbal alimdaka Brian Lara wa West Indies kwa mikimbio 8 kule Pune mwaka 1996, mdako ambao kila Mkenya mpenda kriketi anaukumbuka, lakini kumweka yeye ni kuanza mechi ukiwa umepungukiwa mpigaji mmoja. Zaidi ya hapo, siku Sri Lanka walipopigwa Nairobi mwaka 2003, Otieno ndiye aliyetoa 60 katika jumla ya 210. Huyo nampa nafasi bila kikao.

Mwenzake ni Ravindu Shah, wala si Chudasama. Shah alipiga 70 Gwalior mwezi Mei 1998, siku tuliyowafunga India kwao kwa mikimbio 69. Na kuna dakika chache za Durban, tarehe 15 Machi 2003, zinazonitosha. Alifungua na Otieno dhidi ya Australia. Brett Lee akamtoa Otieno, mpira uliofuata Brijal Patel, uliofuata David Obuya. Mipira mitatu, wiketi tatu, yaani wapigaji watatu nje mfululizo, hatriki, na muda wote huo Shah amesimama upande wa pili na bati lake akihesabu wanaopita. Hakuanza kupiga ovyo wala hakujifungia. Yeye na Tikolo ndio waliokusanya vipande, na Kenya ikafika 174 kwa wiketi 8. Mfunguzi wa namna hiyo huwezi kumpata kwa kusoma wastani.

Namba tatu ni Steve Tikolo na sina haja ya kumtetea. Zaidi ya mikimbio 3,300 kwa Kenya, spini ya kusaidia (mpira wa taratibu unaojipinda ukigonga chini), mikono ya kudaka. Sri Lanka walipotupiga 398 kule Kandy mwaka 1996, rekodi ya dunia wakati ule, yeye alijibu na 96 kana kwamba mechi bado iko sawa. Yeye pia ndiye nahodha.

Namba nne inaleta kelele kila ninapoitaja. Maurice Odumbe alifungiwa miaka mitano mwezi Agosti 2004 baada ya kupatikana na hatia ya kupokea fedha za watu wa kamari. Wapo wanaosema jina lake lisiandikwe kabisa kwenye orodha ya namna hii, na hoja yao ninaielewa: mchezo wowote ukishaondokewa na imani, hakuna kilichobaki cha kutazama. Mimi ninamweka. Aliitumikia adhabu yake yote. Na kazi ya namba nne wa Kenya, ya kupiga katikati na kurusha ova kadhaa za spini zinazobana, hakuna aliyeifanya kama yeye. Pune alikuwa nahodha, tukatolewa kwa 166, kisha akachukua wiketi 3 kwa mikimbio 15 na West Indies wakaishia 93. Gwalior alipiga 83. Unahodha lakini simpi, na hapo ndipo nilipouweka ule uzito wa 2004.

Hitesh Modi ni namba tano kwa sababu anapiga kwa mkono wa kushoto, na bila yeye mrushaji wa upande wa pili angekuwa na siku rahisi mno, analenga mstari uleule kutoka mpira wa kwanza hadi wa mwisho. Alikuwa pia mtu wa kukimbia moja-moja wakati nne na sita, mipira inayofika au kuvuka mpaka wa uwanja, hazipatikani, sifa isiyoonekana kwenye video fupi za mtandaoni. (Baba yake, Subhash Modi, alikuwa mwamuzi wa kimataifa, na aliwahi kumtoa mwanawe katika mechi ya Bangladesh mjini Nairobi mwaka 2006. Chakula cha jioni cha siku ile ningependa kusimuliwa.)

Namba sita nilihangaika nayo kuliko nyingine zote, kwa sababu Collins Obuya wako wawili. Yupo wa 2003, kijana wa spini ya kifundo cha mkono, aliyewachukua Sri Lanka wiketi 5 kwa mikimbio 24 mjini Nairobi, wakaishia 157. Yupo wa 2011, mpigaji kamili, aliyebaki na 98 bila kutolewa dhidi ya Australia mjini Bangalore. Wengi huandika jina lake mara moja na kudhani wamepata wote wawili. Hapana. Yule wa 2003 hakuwa bado mpigaji wa namba sita, na yule wa 2011 alikuwa harushi kama zamani. Kikosi cha wakati wote kina mtego huu hata ukichagulia dunia nzima: lazima uchague mwaka pamoja na jina, la sivyo unajaza timu watu ambao hawakuwahi kuishi.

Ninamchukua wa 2011. Najua nchi nzima inaikumbuka ile 5 kwa 24, lakini angalieni mechi zetu kubwa tulizipigaje. Pune 166. Nairobi dhidi ya Sri Lanka 210. Durban dhidi ya Australia 174. Nusu fainali dhidi ya India, mjini Durban tarehe 20 Machi 2003, 179 tukiitafuta 271. Ushindi wetu ulitoka kwenye mpira, na tuliposhindwa mara nyingi ni bati lililotuangusha. Timu hii haina njaa ya wiketi, ina njaa ya mikimbio 40 za ziada kati ya ova ya 30 na ya 45. Kule Bangalore Australia walifikisha 324, sisi tukajibu 264 kwa wiketi 6. Tulipoteza kwa 60, lakini tulicheza ova zote 50 mbele ya warushaji wale na hatukutolewa sote. Hilo ndilo ninalolinunua.

Saba ni Thomas Odoyo. Alicheza Kombe la Dunia la 1996 akiwa na miaka 17, wakaja kumwita Botham Mweusi, kwa jina la Ian Botham wa Uingereza aliyepiga na kurusha, na ndiye wa kwanza kutoka taifa lisilo na hadhi ya Test (mechi za siku tano) kufikisha wiketi 100 katika mechi za siku moja. Kama ningelazimishwa kubakiza Mkenya mmoja tu katika kikosi chochote, ningefikiria sana kati yake na Tikolo, na sidhani ningemchagua Tikolo.

Kisha Aasif Karim, na hapa niruhusuni nikae kidogo. Mzaliwa wa Mombasa, aliyeiwakilisha Kenya pia kwenye tenisi ya Davis Cup. Aliongoza timu Kombe la Dunia la 1999, akastaafu, akaitwa tena mwaka 2003 akiwa na miaka 39. Durban, mechi ileile ya hatriki ya Lee, Australia walikuwa wanaitafuta 175 kama watu wenye ndege ya kuwahi. Karim akapewa mpira. Spini ya taratibu ya mkono wa kushoto, hatua chache, mkono juu, mpira unaelea polepole kiasi cha kumshawishi mpigaji auendee kisha unaanguka hatua moja kabla ya pale alipoutarajia. Akamtoa Ricky Ponting. Akamtoa Darren Lehmann. Akamtoa Brad Hogg. Alimaliza na ova 8 na mipira miwili, ova sita kati yake hazikutoa hata mkimbio mmoja, mikimbio 7 kwa jumla, wiketi 3. Yaani mikimbio yote saba ilitoka kwenye ova mbili nzima na mipira miwili, na mipira hiyo miwili ndiyo iliyofunga mechi, kwa sababu Australia walishinda baada ya ova 31 na mipira miwili naye akiwa ndiye anayerusha. Tulishindwa, na bado mchezaji bora wa mechi akawa yeye.

Wiketi zake kwa jumla hazikufika 30, na mwanafunzi wangu mmoja huniuliza mtu wa wiketi chache hivyo anaingiaje. Anaingia kwa sababu ya kazi. Katikati ya zamu, pale wapigaji wanapotaka kutulia na kujikusanyia moja-moja, unahitaji mtu wa kuwanyima. Mpigaji aliyenyimwa ova tatu hufanya ujinga katika ya nne, na mara nyingi anaufanya upande wa pili, kwa mrushaji mwingine. Wiketi ile inaandikwa kwa jina la mwenzake, ila sisi tunaojaza vitabu tunajua ilianzia wapi.

Waliobaki nawapitia haraka. Martin Suji ni mpira mpya, upande wowote wa upepo. Zimbabwe walipoishia 133 Bloemfontein mwaka 2003 na sisi tukakata tiketi ya nusu fainali, yeye alikuwa na wiketi 3 kwa 19. Rajab Ali ni kwa sababu ya Pune, wiketi 3 kwa 17 akiwemo Lara. Peter Ongondo ni mtu wa kutegemewa, siku njema na mbaya. Wanaomtaka Tony Suji au Jimmy Kamande hawajapotea, ila nimeshajaza kazi.

Hesabu ya ova basi: Suji na Rajab Ali waanze, ova nne kila mmoja. Ongondo afuate na Odoyo. Kutoka ya 16 Karim ashike upande mmoja asiachie hadi amalize 10 zake, na upande wa pili Odumbe na Tikolo wagawane kulingana na nani anapiga, Odumbe zaidi. Ova kumi za mwisho mwachieni Odoyo nusu yake, na nusu nyingine Suji, ambaye mimi ningemwekea akiba ova tano badala ya kummaliza mapema. Ikiwa mechi ni Gymkhana na pichi ni kavu, namtoa Rajab Ali namwita Collins wa 2003, na hao Collins wawili watapigana wenyewe kuhusu nani avae jezi.