Je, wajua kwa nini teknolojia ya kwantamu huhitaji fedha za serikali kabla ya kufika sokoni?

Kijana wa bodaboda pale Mwanjelwa, Mbeya, anapofungua ramani kwenye simu kumtafuta abiria, anatumia fizikia ya kwantamu, yaani elimu ya tabia za vitu vidogo sana kama atomi, na walioilipia mwanzo ni walipa kodi wa nchi nyingine. Setelaiti zinazoijulisha simu mahali ilipo zimebeba saa za atomi, zinazohesabu muda kwa mtetemo wa atomi. Saa hiyo ikikosea sehemu moja ya milioni ya sekunde, hesabu ya umbali inapotoka kwa mita 300, maana mawimbi ya setelaiti huenda kwa kasi ya mwanga, na huo ndio mwendo wake kwa muda huo. Saa ya kwanza kutegemewa ya atomi za seziamu, aina ya metali, ilianza kazi mwaka 1955 katika maabara ya taifa ya vipimo ya Uingereza. Setelaiti ya kwanza ya GPS, mfumo huo wa kuonyesha mahali, ilirushwa mwaka 1978 kwa fedha za ulinzi za Marekani.

Miaka 23! Aliyekopa benki kufungua duka la pembejeo hudaiwa marejesho mapema mno kuweza kusubiri hivyo. Tena hata akivumilia, maarifa hayafungiki ghalani: gharama inabaki kwake, majirani wanajifunza bure.

Sisi wa Nyanda za Juu Kusini tunalijua jambo hili kupitia maharage. Mbegu za Uyole 96 na Uyole Njano zilitokana na watafiti wa umma, waliochambua na kujaribu muda mrefu kabla mkulima hajanunua hata kilo moja. Na mbegu ikishapatikana, bado lazima izalishwe kwa wingi. Kwantamu imekwama hatua hiyo hiyo: mezani inafanya kazi, shambani bado.

Ndiyo maana Uingereza ilitangaza pauni milioni 270 mwaka 2013, si kwa ajili ya nadharia mpya, bali kuitoa ile iliyopo maabara na kuifanya chombo cha kuuzwa. Mwaka 2023 ikaahidi pauni bilioni 2.5 kwa miaka kumi. Marekani ilipitisha sheria yake ya kwantamu mwaka 2018, India ikaidhinisha mpango wake mwaka 2023.

Tunda la mpango huo wa Uingereza ninalolipenda zaidi lilitoka Chuo Kikuu cha Birmingham. Mwaka 2022 watafiti wake walieleza jinsi walivyogundua handaki chini ya barabara bila kuchimba. Walipoza atomi za rubidiamu, metali nyingine, kwa mwanga wa leza, wakaziacha zianguke. Atomi zilizopozwa hivyo hujionyesha kama mawimbi, na mawimbi hayo hubadilika kidogo mvutano wa dunia unapobadilika; penye uwazi chini, mvutano hupungua. Shida ilikuwa mtikisiko: gari likipita tu, kipimo kinavurugika. Wakatumia makundi mawili ya atomi, moja juu ya jingine, kisha wakatoa kipimo kimoja kwenye kingine. Mtikisiko unayagusa yote mawili sawa, hivyo unajifuta. Tofauti ya mvutano inabaki.

Watafutaji wa jotoardhi, yaani joto la chini ya ardhi, duniani hupima mvutano wa ardhi, na sisi tuna mlima Ngozi kule Rungwe, mahali panapotafutwa jotoardhi. Kwa maoni yangu Tanzania haina haja ya kukimbilia kompyuta ya kwantamu. Ingeanza na vijana wa Chuo Kikuu cha Sayansi na Teknolojia Mbeya, wasomeshwe hivi sasa leza na usomaji wa vipimo, ili chombo kikishuka bei kiendeshwe na mtu wa Tukuyu anayeijua milima yake.