Karate Haimalizwi: Dhana Potofu Kuhusu Mkanda Mweusi na Walimu

"Sensei, wewe ulimaliza karate mwaka gani?" Wiki hii nimeulizwa hivyo na mzazi mmoja. Mwezi uliopita aliniuliza kijana wa mkanda wa kahawia ambaye nimemfundisha mwenyewe, na hilo liliniuma zaidi. Nimechoka kulijibu swali hili mlangoni huku watu wakivaa viatu, kwa hiyo leo nalijibu kwa kirefu.

Dhana: mkanda mweusi ni kuhitimu.

Jina lenyewe linakataa. Dan ni ngazi za mkanda mweusi, na ya kwanza huitwa shodan, na hiyo "sho" maana yake mwanzo. Ndiyo ileile iliyomo katika shoshin, moyo wa anayeanza. Aliyevuka kyu zote, yaani ngazi za kabla ya mkanda mweusi, amejua kusimama, kupumua na kusikia anachoambiwa. Amezijua herufi, vitabu bado hajavifungua.

Tena mfumo wa dan haukuzaliwa kwenye karate. Jigoro Kano, mwanzilishi wa judo, aliuanzisha huko miaka ya 1880, na mwalimu wa karate Gichin Funakoshi ndiye aliyetoa shodan za kwanza za karate, Aprili 1924. Kabla ya hapo watu wa Okinawa, visiwa vya Japani ilikozaliwa karate, walifanya mazoezi vizazi na vizazi bila mkanda wa kuwaambia kwamba wamefika. Na Funakoshi huyohuyo, katika kanuni zake 20, alisema karate ni mazoezi ya maisha yote, na kwamba ni kama maji ya moto: usipoyapasha kila mara, yanapoa.

Haya nimeyaona kwenye mguu wangu mwenyewe. Heian Shodan ina hatua 21, na ndiyo kata (mfululizo wa hatua zilizopangwa) ya kwanza ninayompa mkanda mweupe, yaani anayeanza. Sijui nimeirudia mara ngapi. Mwaka jana nilikuwa kwenye semina, nikatua na oi-zuki, ngumi ya kupiga hatua mbele, mwalimu mmoja mzee akaniambia nisimame hivyohivyo. Akainama, akapitisha karatasi chini ya kisigino changu cha nyuma. Ikapita upande wa pili bila kugusa chochote. Kisigino kikiwa juu, msukumo wa sakafuni haufiki nyongani, na ngumi inabaki kuwa ya bega tu. Nilirudi dojo, ukumbi wetu wa mazoezi, nikawapanga wanafunzi wangu mstari mmoja, nikawatazama miguuni. Zaidi ya nusu walikuwa wanainua kisigino kilekile. Hawakuzaliwa nacho, walikitoa kwangu.

Ndiyo maana dhana hii inanikera kuliko zote. Mwanafunzi asiyesahihishwa anabaki na kosa lake peke yake, lakini mwalimu asiyesahihishwa huligawa kosa lake kwa darasa zima, na wale nao watakuja kufundisha.

Ndugu yake ni hii: "Mimi nafundisha kila siku, hayo ndiyo mazoezi yangu." Hapana. Ukifundisha, macho yako yako kwa wengine. Unaonyesha teke mara tatu, kwa mguu unaoupenda, kisha unahesabu ichi, ni, san huku umeweka mikono nyuma. Sauti ndiyo inayotoka jasho. Kila mwenye dan anayefundisha chini yangu nimempa sharti moja: angalau mara moja kwa wiki asimame kwenye mstari wa darasa la mtu mwingine, aitikie "osu" na anyamaze. Wapo wanaoona wanadhalilishwa. Hao sharti hili linawafaa zaidi.

"Sensei lazima amshinde kila mwanafunzi kwenye kumite," yaani pambano la wawili. Kwa nini? Kijana wa miaka 22 ana kasi ambayo mtu wa 50 hana. Kazi yangu ni kuona alichelewa wapi na kumwambia kabla mpinzani hajamwonyesha.

"Mwalimu akisema hajui, anajishushia heshima." Nikiulizwa bunkai, yaani matumizi halisi, ya hatua nisiyoielewa, nasema sijui, tunaijaribu pamoja tukiwa wawili wawili. Nikibuni jibu, mwanafunzi ataliamini, na siku akilihitaji kweli ataumia yeye.

"Zamani mkanda mweupe uligeuka mweusi kwa uchafu wa miaka." Hadithi tamu, lakini si historia. Mkanda mweusi ulikuwa alama ya cheo tangu enzi za Kano. Fueni mikanda yenu.

Yule kijana wa mkanda wa kahawia alikuja tena Jumanne, mapema kabla ya wenzake. Tulifanya Heian Shodan tu, polepole, saa nzima, tukipokezana karatasi. Nilianza mimi, yeye akapiga magoti nyuma yangu kukagua. Kwenye hatua ya nne akasema, "Sensei, imepita."