Waini ya juu ya kabati

Jumamosi iliyopita, Mikindani, yamenikuta tena. Mjomba wa bwana harusi kanivuta nyuma ya turubai, kafungua khanga aliyoikumbatia kama mtoto mchanga, ndani yake mna chupa ya waini nyekundu. "Mwanangu, hii niliinunua huyu kijana alipofaulu darasa la saba. Miaka 15 iko juu ya kabati pale sebuleni, hajaigusa mtu. Leo si itakuwa hatari?"

Nikamjibu, "Mjomba, tutaifungua." Ningesema nini? Wanaozijua koo za huku, za Wamakonde, Wamwera na Wamakua, wanajua uzito wa mjomba kwenye harusi. Huwezi kumwambia mbele ya wakwe kwamba alichokitunza ni maji ya kahawia yenye kileo.

Kazi yangu ni vinywaji. Nafundisha wahudumu wa hoteli, na kamati za harusi na mahafali huniita nisimamie meza. (Kwenye sherehe zetu za pwani meza huwa mbili, na wale wa meza ya juisi na maji ya madafu leo waniwie radhi, haya hayawahusu.) Chupa za juu ya kabati nimeshafungua nyingi, na kila moja huja na sentensi ileile: waini ikikaa ndiyo inanoga. Nimechoka kuinamisha kichwa na kutabasamu.

Imani hii si uongo mtupu, na ndiyo maana haifi. Zipo waini zinazotengenezwa zizeeke. Nyekundu za Bordeaux ya Ufaransa zilizo nzuri, Barolo za Italia, Porto za Ureno zinazotokana na mavuno ya mwaka mmoja tu. Zinapotoka kiwandani zina tanini ya kukausha ulimi kama bibo bichi, na asidi ya kutosha, kwa hiyo miaka inazilainisha. Lakini zinazeekea wapi? Kwenye handaki, gizani, nyuzi 12 au 13, joto halipandi wala halishuki. Hizo ni chache mno. Waini nyingi duniani, ukichanganya na za Dodoma tunazozinunua dukani hapa, imekusudiwa inywewe ndani ya mwaka mmoja hadi mitatu. Hakuna aibu ndani yake. Dodoma wanavuna zabibu mara mbili kwa mwaka, sasa unaihifadhia nini kana kwamba mizabibu imekauka?

Kinachonishangaza ni kwamba imani yenyewe imeota huku kusini, kwa watu wanaolijua tembo la mnazi. Mgema akishusha kibuyu alfajiri, tembo ni tamu, hata mtoto angelipenda. Jioni limekuwa kali. Kesho kutwa bibi analitia kwenye mboga, limeshakuwa siki. Uraka nao, pombe ya mabibo, wakati yanapoanguka, nani aliwahi kuuficha uvunguni ausubirie harusi ya mwanawe? Anayejua uraka anauliza umekamuliwa lini, anataka wa jana, hataki wa mwaka juzi. Waini ni ndugu yao. Imechachuka kwa chachu ileile ya aina ya hamira, tofauti yake ni kwamba imewekewa salfaiti, dawa ya kuihifadhi, ikachujwa, ikafungwa vizuri, basi inakwenda polepole. Polepole si kusimama.

Tuje kwenye joto, maana hapa ndipo Mtwara inapomaliza mchezo. Wanakemia wana kanuni ya kukadiria: joto likipanda nyuzi 10, mabadiliko huenda kasi kama mara mbili. Kutoka nyuzi 13 za handaki hadi 33 za sebule yenye bati bila dari, umeshapiga mara nne. Na usidhani maana yake ni kwamba chupa yako imezeeka vizuri kwa haraka, kama pikipiki iliyofika Masasi kabla ya basi. Mabadiliko hayaongezeki kasi yote kwa kiwango kimoja. Mengine, yale mabaya, hupenda joto zaidi kuliko mema. Inaiva kama ndizi iliyowekwa juani: ganda limebadilika, ndani bado.

Halafu kuna hili linalonikera kuliko yote. Chupa ikifunguliwa na kuonjwa, MC atasema kwa sauti, "Imekuwa siki!" Haijawa siki. Siki inatengenezwa na bakteria, na bakteria hao wanataka hewa, na hewa nyingi. Tembo lililo wazi linakuwa siki upesi kwa sababu hewa imejaa. Ndani ya chupa iliyozibwa hewa ni ya kubahatisha. Kinachotokea ni kingine: kila mchana waini inapanuka kwa joto na kukisukuma kizibo, usiku inapoa na kuvuta tone la hewa, mchana tena, usiku tena, miaka 15. Oksijeni inaingia kidogo kidogo. Rangi nyekundu inageuka ya tofali, kisha ya chai ya rangi. Harufu ya matunda inaondoka, badala yake inakuja ya tufaha lililokatwa likaachwa mezani, au ya jamu iliyoungua chini ya sufuria. Mdomoni haina ukali wala utamu, imelala tu. Siki ina uhai, inakuamsha! Hii haikuamshi. Nawasihi wahudumu wangu waandike "imeungua kwa joto" au "imeliwa na hewa", wao wanaandika "siki", nami nafuta kwa kalamu nyekundu kila mwaka.

Sasa niseme jambo ambalo darasani huwa nalipitia haraka, kwa sababu likijulikana nitakosa heshima. Kuna waini iliyoharibiwa kwa joto makusudi, ikawa tamu. Inatoka kisiwa cha Madeira, cha Ureno. Zamani mapipa yake yalipakiwa melini, yakapita bahari za joto wiki kwa wiki, na wenyewe wakagundua kwamba iliyosafiri imenoga kuliko iliyobaki nyumbani. Leo hawaisafirishi: nyingi huipasha kwenye matangi kwa nyuzi 45 hadi 50, si chini ya miezi mitatu, na zilizo bora huziacha darini kwenye jua miaka kadhaa. Ikishafunguliwa inakaa miezi bila kuharibika, maana kila kinachoweza kuharibika kimeshaharibika. Kijana mmoja darasani aliniuliza, "Mwalimu, kwa nini basi kabati la mjomba lisiwe Madeira?" Nikamjibu kwamba ile imeongezewa pombe kali mpaka kileo kikafika karibu asilimia 20, na zabibu zake zina asidi kali mno. Jibu ni sahihi. Lakini nilitoka darasani nikijiuliza mstari kati ya kilichoungua na kilichoiva unachorwa na nani.

Shaka yangu nyingine ni kuhusu kulaza chupa. Vitabu vyote vinasema ilazwe ili kizibo kisikauke. Sawa. Lakini chupa iliyosimama nayo ina unyevu tele juu ya waini, na nje kuna hewa ya Shangani ambayo hata chumvi haikai kavu kwenye kopo. Nimeshafungua zilizosimama zenye kizibo kizima, na zilizolala zenye kizibo kilichomeguka kama andazi la juzi. Naendelea kufundisha ilazwe. Zenye kifuniko cha kuzungusha, zisimame tu.

Wiski ni habari fupi zaidi, lakini nayo ina ugomvi wake. Chupa iliyoandikwa miaka 12 imekaa miaka 12 kwenye pipa la mwaloni, na namba hiyo ni ya wiski changa kuliko zote zilizochanganywa humo. Kinachozeesha ni mti. Kioo hakizeeshi kitu. Ukiificha kabatini miaka 20, ni ya miaka 12 na vumbi. Uskoti wanadai angalau miaka 3 pipani, na kila mwaka kama asilimia 2 hupotea hewani kupitia mbao, wenyewe wanasema ni fungu la malaika. Cognac, pombe kali ya zabibu ya mji wa Cognac, nayo hivyohivyo: iliyoandikwa VSOP ni angalau miaka 4 ya pipa, XO ni 10. (Neno konyagi tumelitoa kwenye jina la mji huo wa Ufaransa, ingawa Konyagi ya dukani ni kinywaji kingine kabisa.) Uzuri wake ni kwamba pombe kali iliyofungwa haina haraka ya kuharibika, kwa hiyo kama lazima utunze kitu kwa ajili ya mahafali ya mtoto, tunza hiyo. Zile za krimu hapana, zina maziwa na zina tarehe. Na gongo usiniletee: ni haramu kisheria, na kuiwasha kiberiti hakukuonyeshi kama ina methanoli, nayo inawaka buluu vilevile.

Na kuna wanaosema, "isiwekwe kwenye friji, waini nyekundu hunywewa kwa joto la chumba". Chumba cha nani? Aliyeandika hivyo alikuwa Ulaya, chumba chake kina nyuzi 17. Chumba cha Chikongola mwezi wa Desemba ni supu. Tia friji nusu saa.

Shampeni ya kukata keki, ambayo mara nyingi si ya Champagne na mara nyingine haina hata kileo, msiitikise. Ya kweli ina mgandamizo wa karibu mara tatu ya tairi la gari, na ikiwa ya moto unazidi. Nimeona taa ikivunjika.

Ukiwa na chupa ya waini nyumbani leo, ifungue kabla ya msimu ujao wa korosho. Ikishindikana, iweke kwenye boksi, sakafuni, chumba cha ndani kisichopigwa na jua. Juu ya kabati, hapana. Karibu na jiko, hapana. Juu ya friji ndiyo mbaya kuliko zote, maana friji inatupa joto lake nyuma na joto linapanda.

Chupa ya mjomba niliifungua. Kizibo kilikatika nusu, nikachuja kwa kitambaa safi nyuma ya jukwaa. Rangi ya chai. Nikamimina kidogo kwa wazee watano, mjomba akiwa wa kwanza. Akainua glasi, akanusa kama alivyoniona mimi nikinusa, akanywa, akafumba macho. "Eeh," akasema, "hii sasa ndiyo waini." Akamtazama kijana wake, machozi yakamlenga. Nikaongeza glasi yake. Nami nilionja, na naapa, kwa sekunde moja, pale nyuma ya tufaha lililonyauka, kulikuwa na kitu kama zabibu kavu na ganda la chungwa. Au nilitaka kiwepo.

Jana kanipigia simu. Bi harusi ana mimba, tena ya kutosha, nadhani ndiyo sababu harusi iliharakishwa. Mjomba ameshanunua nyingine, ya mjukuu.

"Umeiweka wapi, mjomba?"

"Safari hii nimeipa heshima, mwanangu. Juu ya friji."