Kutia saini si kuuza shamba: dhana potofu kuhusu misaada ya kilimo Marekani

Katika kaunti za mashambani nchini Marekani bado wapo wanaoamini kwamba mkulima akitia saini mkataba wa hifadhi, ardhi yake imekwisha kuwa ya serikali. Sivyo. CRP, mpango wa serikali wa kuhifadhi ardhi uliotokana na sheria ya kilimo ya mwaka 1985, ni wa kukodisha: mkulima huacha kulima sehemu inayomomonyoka kwa urahisi, akaotesha nyasi au miti, naye hulipwa kodi ya kila mwaka kwa miaka 10 hadi 15, na huweza kurudishiwa hadi nusu ya gharama za upanzi huo. Hati hubaki kwa jina lake, na mkataba ukiisha anaweza kurejesha jembe. Linalostahili kuogopwa ni kuuvunja mkataba katikati, kwa maana anayeuvunja hutakiwa kurudisha malipo aliyokwisha kupokea pamoja na riba, na ni vyema mkulima alipime hilo na familia yake kabla ya kushika kalamu.

Dhana ya pili, kwamba misaada ni ya wenye maelfu ya ekari, ina chembe ya kweli. Ruzuku za mazao kama mahindi na ngano hukokotolewa kwa ekari, hivyo mwenye nyingi hupata nyingi. Lakini mikopo midogo ya Idara ya Kilimo, isiyozidi dola 50,000, ilibuniwa kwa ajili ya wadogo. Na katika EQIP, mpango wa Idara hiyo wa kuchangia gharama za hifadhi shambani, mkulima ambaye hajazidi miaka 10 kazini huweza kulipiwa hadi asilimia 90 ya gharama za kuhifadhi udongo na maji, tena sehemu yake akaiomba mapema. Mlango wa kuingilia ni kusajiliwa na kupewa namba ya shamba katika ofisi ya kilimo inayohudumia kaunti.

Kosa linaloumiza zaidi ni la mwenye bidii: kuchimba kisima au kujenga uzio kwanza, kisha kupeleka risiti. Chini ya EQIP, kazi iliyoanza kabla ya mkataba kutiwa saini hailipwi, isipokuwa kibali maalumu kimetolewa mapema.

Wengine husema kila kitu huamuliwa Washington, ilhali kila eneo lina kamati ya kaunti yenye wajumbe 3 hadi 11, ambao wengi wao huchaguliwa na wakulima wenyewe kwa miaka mitatu. Hata hivyo, mashaka ya wakulima weusi kuhusu ofisi za kilimo za kaunti siyaiti dhana potofu. Walinyimwa mikopo au kucheleweshewa kwa sababu ya rangi yao, wakaishtaki Idara, na mwaka 1999 mahakama ikaidhinisha mapatano ya kuwalipa fidia. Ndiyo maana kura ya kamati, inayotumwa kwa posta mwezi Novemba eneo linapofikiwa na zamu ya uchaguzi, haifai kuachwa mezani bila kujazwa.