Je, wajua kwa nini chungwa la Muheza hubaki kijani hata likiiva?

Machungwa ya Muheza, mkoani Tanga, hufika sokoni yakiwa na ganda la kijani, pengine lenye mabaka ya manjano, na mnunuzi asiyeyazoea hudhani yamechumwa kabla ya wakati. Mara nyingi hukosea. Likimenywa, chungwa hilo hukutwa na maji mengi na utamu uliokamilika, kwa sababu kuiva kwa tunda na kugeuka kwa rangi ya ganda lake ni mambo mawili yasiyotegemeana.

Ganda la chungwa changa limejaa klorofili, ile rangi iliyomo katika majani. Ili klorofili hiyo ivunjike na rangi ya manjano iliyojificha chini yake ionekane, tunda linahitaji baridi ya usiku, joto likishuka hadi kufikia nyuzi 13 hivi za Selsiasi au chini zaidi. Hispania, Misri na Afrika Kusini hupata baridi hiyo kila mwaka. Muheza iko karibu na Bahari ya Hindi, na hata usiku wa Julai joto lake halishuki kiasi hicho. Basi sukari huongezeka ndani na ukali hupungua, huku ganda likibaki lilivyokuwa. Inafikirisha kwamba lugha yetu imeipa rangi jina la tunda hili, ilhali chungwa la pwani yetu huiva bila kuwa na rangi hiyo.

Nchi zinazouza machungwa nje huyaweka yale ya kijani katika vyumba maalumu na kuyapulizia gesi ya ethilini kwa siku chache ili ganda ligeuke. Gesi hiyo haiongezi utamu hata kidogo. Chungwa si ndizi wala embe: likichumwa chachu hubaki chachu, hata ukilivundika wiki nzima.

Hapo ndipo rangi inapomwumiza mkulima. Msimu mkubwa huangukia takriban kati ya Mei na Agosti, matunda huiva kwa pamoja na bei hushuka, kwa hiyo wapo wanaochuma mapema ili kuuwahi mwanzo wa msimu. Wengine, kwa shida ya fedha, wameshauza matunda yakiwa bado mtini, na siku ya kuchuma huamuliwa na mnunuzi. Ndani ya lori linaloelekea Dar es Salaam, au Kenya kupitia Horohoro, machungwa machanga na yaliyoiva hufanana kabisa. Mlaji akikutana na moja chachu, hulitilia shaka tenga zima, na hasara humrudia hata mkulima aliyesubiri kwa uaminifu. Malori yasipokuja kwa wakati, matunda huanguka na kuoza chini ya miti, na kwa maoni yangu huo ndio uchungu mkubwa kuliko yote kwa mtu aliyepalilia shamba mwaka mzima.

Wala rangi ya manjano si dalili njema nyakati zote. Nzi wa matunda mwenye asili ya Asia, aliyegunduliwa pwani ya Kenya mwaka 2003 na kuenea haraka hadi Tanzania, hutoboa ganda na kutaga mayai ndani yake. Tunda lililodungwa huwahi kugeuka manjano na kudondoka, kwa hiyo chungwa moja linalong'aa peke yake mtini huenda limebeba funza. Upo pia ugonjwa wa bakteria uitwao huanglongbing, unaoenezwa na wadudu wadogo wafyonzao utomvu, ambao huacha matunda madogo, yaliyopinda upande, machungu na yenye kitako cha kijani. Uligunduliwa Florida, Marekani, mwaka 2005, na ukichangiwa na vimbunga, mavuno ya machungwa huko yalishuka kutoka masanduku milioni 242 msimu wa 2003–2004 hadi chini ya milioni 20 msimu wa 2022–2023. Mmoja wa wadudu wanaoueneza, anayestahimili joto la nyanda za chini, ameshaonekana Morogoro.

Anayetaka kulitambua chungwa lililoiva la Muheza alipime kwa mkono: huwa zito kuliko umbo lake, na ganda lake ni laini, halina vinundu vingi. Asiporidhika, amwombe muuzaji akate moja kutoka katikati ya fungu, kisha alionje.