Data yaweza kukokotolewa ikiwa imefungwa

Mgonjwa akipimwa sukari Temeke, Dar es Salaam, majibu yake yanaweza kulindwa kwa usimbaji fiche, yaani kuyageuza yasisomeke bila ufunguo, yakiwa kwenye seva, na hata yakiwa njiani. Shida huja pale yanapotakiwa kufanyiwa hesabu. Kwa kawaida lazima yafunguliwe kwanza, na hapo ndipo asiyehusika anapoweza kuyaona. Usimbaji fiche wa kihomomofiki unaziba pengo hilo: hesabu inafanyika data ikiwa imefungwa, jibu nalo linatoka limefungwa.

Chukua kikokotoo ujionee. Ili kufunga namba, ipandishe kwenye kipeo cha 3, gawanya kwa 33, chukua baki. Hivyo 2 inakuwa 8, na 4 inakuwa 31. Mpe jirani hizo 8 na 31 azizidishe: anapata 248, akigawanya kwa 33 baki ni 17. Sasa wewe, ambaye ufunguo wako ni 7, pandisha 17 kwenye kipeo cha 7, gawanya kwa 33. Baki ni 8, yaani 2 mara 4. Namba ndogo hivi hazilindi siri yoyote. Zinazotumika kweli zina mamia ya tarakimu.

Mfano huo ni wa RSA, mbinu maarufu ya usimbaji fiche, na unaweza kuzidisha tu. Mwaka 1978 wanasayansi wa kompyuta Rivest, Adleman na Dertouzos waliuliza kama hesabu za kila aina zinawezekana data ikiwa imefungwa. Jibu lilikuja 2009, kwa Craig Gentry wa Chuo Kikuu cha Stanford. Katika mfumo wake kila hesabu huongeza kelele, yaani makosa madogo, ndani ya data, na kelele ikizidi jibu halifunguki tena. Alibuni namna ya kuipunguza bila kufungua chochote. Bado ni kazi nzito kwa kompyuta. Kujumlisha peke yake, hata hivyo, ni rahisi tangu mbinu ya Paillier ya 1999, na kujumlisha kunatosha kabisa kwa hospitali za Amana, Temeke na Mwananyamala kupata idadi ya pamoja ya wagonjwa wa kisukari bila yeyote kufichua takwimu zake.

Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya Tanzania ya 2022 inazihesabu taarifa za afya kuwa nyeti. Kwa hiyo taasisi inayonunua mfumo imuulize muuzaji swali moja kabla ya kusaini: ufunguo anakaa nao nani? Ukikaa kwa huyohuyo anayekokotoa, anaweza kufungua kila kitu, hata mbinu iwe bora kiasi gani.