Kwa nini ujira wa kazi za TASAF uliwekwa chini ya kibarua cha kawaida?

Sh 2,300 kwa siku. Hicho ndicho alicholipwa mlengwa wa TASAF, Mfuko wa Maendeleo ya Jamii wa Tanzania, aliyeshika jembe kuchimba lambo au kufukia mashimo ya barabara ya kijiji, katika awamu ya kwanza ya Mpango wa Kunusuru Kaya Maskini uliozinduliwa mwaka 2012. Siku 15 kwa mwezi, miezi minne kwa mwaka, mtu mzima mmoja kwa kila kaya. Piga hesabu: Sh 34,500 kwa mwezi, Sh 138,000 kwa msimu mzima. Ruzuku ya fedha taslimu ilikuwa fungu jingine. Hizi zilikuwa fedha za jasho.

Ukiitazama hesabu hiyo haraka utasema bajeti ilibana. Ilibana kweli, lakini ujira huo ulishushwa kwa makusudi. Walioupanga mpango walitaka uwe chini ya kile anachopata kibarua wa kawaida, na walikuwa na sababu.

Tuseme mtendaji wa kijiji anabandika tangazo: kazi ya kuchimba lambo, Sh 10,000 kwa siku. Kesho yake asubuhi utawakuta pale mwenye duka, kijana wa bodaboda na binamu yake mwenyekiti. Bibi anayelea wajukuu watatu atafika akute nafasi zimejaa. Sasa tangazo lilelile liandike Sh 2,300. Mwenye duka hasogei, kwa sababu akifunga duka siku moja anapoteza zaidi ya hapo. Wa bodaboda naye anajua safari mbili tatu zinampa hizo. Anayebaki kwenye foleni ni yule ambaye kwake Sh 2,300 ni afadhali kuliko alichonacho, nacho mara nyingi ni sifuri. Hakuna aliyeulizwa "wewe ni maskini kiasi gani?" Ujira wenyewe umegeuka chekeche.

Wazo hili si geni. Sheria ya Maskini ya Uingereza ya mwaka 1834 ilisimama juu ya kanuni kwamba hali ya anayesaidiwa na umma iwe chini ya hali ya kibarua wa chini kabisa anayejitegemea. Kule walilitekeleza kwa ukatili: aliyetaka msaada aliingizwa kwenye nyumba ya kazi, mume akatengwa na mke, watoto wakatengwa na wazazi. Karne moja na nusu baadaye, mwaka 1992, wachumi Timothy Besley na Stephen Coate walilichambua wazo hilo kwa hesabu na kuonyesha ni katika mazingira gani sharti la kazi linaweza kuokoa fedha za umma kwa kuwachuja wasiohitaji. Nyumba za kazi zilikwisha, hoja ikabaki. Ethiopia ilipoanzisha mpango wake mkubwa wa hifadhi ya jamii mwaka 2005, wenye nguvu walitakiwa kufanya kazi za umma, na wasiojiweza wakapewa bila kazi.

Hapa ndipo TASAF inaponipa taabu. Chekeche lina maana pale mlango unapokuwa wazi kwa kila mtu. Lakini aliyeitwa kwenye lambo la TASAF alikuwa ameshachekechwa: kaya yake ilitajwa kwenye mkutano wa kijiji, dodoso likajazwa kuhusu nyumba, mifugo na vyombo vya ndani, na jina likarudi kwenye orodha. Mwenye duka hata angeutamani ujira ule asingeruhusiwa. Kumchekecha mara ya pili mtu aliyekwisha kupita chekeche la kwanza kunasaidia nini?

Jibu moja ni shamba la jirani. Kazi ya umma ikilipa kuliko kibarua cha shambani, mkulima wa kati anakosa watu wa kupalilia, na mpango wa kunusuru kaya moja unaitikisa nyingine. Jingine ni hesabu tupu: fungu lilelile, ujira ukiwa mdogo, linagawika kwa watu wengi zaidi. Mpango ulikuwa na kaya zaidi ya milioni moja kwenye orodha, kwa hiyo kila shilingi mia inayoongezwa inatafuta mahali pa kutoka.

Jibu la tatu haliandikwi sana kwenye mipango, nami naliona zito kuliko hayo mawili. Ni mdomo wa jirani. Kwenye kijiji ambacho karibu kila mtu ana shida, tofauti kati ya kaya ya mwisho kuingia kwenye orodha na ya kwanza kuachwa ni nyembamba mno. Aliyeachwa atavumilia kumwona mwenzake akichukua fedha za lambo, kwa kuwa alimwona juani na jembe. Mwaka 1962, alipoandika kuhusu ujamaa, Mwalimu Nyerere aliukumbusha msemo wa "mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe", na tangu hapo hakuna mwanasiasa wa Tanzania aliyepata shida kutetea msaada wenye jembe ndani yake. Shida huanza pale jembe linapokosekana.

Hata hivyo, ujira mdogo una gharama isiyoonekana kwenye daftari la malipo. Mtu mwenye nguvu hakai siku nzima bila kufanya lolote. Tuseme, siku ambayo vibarua ni haba, mama angepata Sh 1,500 akimpalilia mtu mahindi. Akienda lambo analipwa Sh 2,300, lakini faida yake halisi ni Sh 800 tu, kwa sababu ile 1,500 ameiacha. Kwa ruzuku isiyo na kazi, shilingi yote ingekuwa nyongeza.

Na msimu nao una mtego wake. Kwenye mikoa yenye mvua za msimu mmoja kama Dodoma na Singida, ghala hukauka mvua zikiwa zinanyesha, wakati uleule shamba linapodai mikono. Ukiweka kazi miezi hiyo, unamtoa mtu kwenye shamba lake mwenyewe. Ukizisogeza kiangazi, fedha zinafika mtu akiwa bado na mtama ndani. Malawi walijaribiwa na jambo hilihili. Utafiti wa Kathleen Beegle, Emanuela Galasso na Jessica Goldberg, uliochapishwa 2017, ulipima mpango wa kazi za umma wa nchi hiyo na haukuona chakula kikiongezeka mezani kwa walioshiriki, hata kazi zilipopangwa miezi ya njaa.

Si kila nchi inachekecha kwa ujira. Marekani, kwenye msaada wa fedha kwa familia maskini zenye watoto, kwa sheria aliyoisaini Rais Bill Clinton tarehe 22 Agosti 1996, chekeche ni saa na makaratasi. Ili ahesabiwe kuwa ametimiza sharti, mzazi anayelea peke yake anatakiwa kwa kawaida kuonyesha saa 30 kwa wiki za kazi au shughuli zinazokubalika, au 20 akiwa na mtoto chini ya miaka 6. Mafunzo ya ufundi yanahesabika kwa kawaida miezi 12 tu, na msaada wa fedha za serikali kuu una kikomo cha miezi 60 maishani. Mkongomani aliyetoka kambi ya wakimbizi ya Nyarugusu, Kigoma, akahamishiwa kule anaweza kukuta kwamba darasa la Kiingereza analolihitaji kuliko kitu kingine halimjazii saa zote. Familia zilizopokea msaada huo zilikuwa karibu milioni 5 mwaka 1994. Leo hazifiki robo ya hizo. Je, wote walioondoka waliondoka kwa sababu walipata kazi? Wengine ndiyo, uchumi wa miaka ile ulikuwa ukipaa. Wengine walishindwa na fomu.

Turudi kijijini. Wajawazito, wazee na wasiojiweza hawakulazimishwa kuchimba, na hilo ni jema. Lakini itazame kaya yenye mtu mzima mmoja tu, mama, mwenye mtoto wa miaka miwili na mkubwa wake anayesoma. Ili apate ruzuku ya afya, mtoto alitakiwa kliniki. Ili apate ujira, yeye alitakiwa lambo. Mkubwa naye alitakiwa darasani angalau asilimia 80 ya siku za masomo, kwa hiyo hakuweza kubaki nyumbani kumlea mdogo. Siku ya kliniki ilipoangukia siku ya lambo, mama huyo alichagua ni fedha ipi aikose.